Shimo la Pili

Kila mkesha wa mwaka Padre Lihundi hugawa vikaratasi:
andikeni mnaloliomba, mkunje, mtie kapuni.
Mwezi wa nane akanirudishia vyangu, vyote sita,
vimefungwa kwa uzi wa gunia.
"Mama Leokadia, nilikuwa nahamisha kabati, nikavikuta."
Hakusema zaidi. Akaenda kutafuta funguo za sakristia.

Nikavikunjua mezani.
Tangi la maji ya mvua, nipande mboga.
Tangi la maji ya mvua, nipande mboga.
Mwandiko ule ule, kosa lile lile:
"tangi" nimeandika "tagi", miaka sita,
kana kwamba hata herufi namwachia Bwana aisahihishe.

Nilikuwa mwombaji, msinidharau.
Nilifunga kila Jumatano, magoti yakaota sugu.
Ila sururu ya marehemu Nestori
ilichomekwa kwenye paa la jiko, buibui wameihamia.
Nikajiona kama yule mtumwa wa mfano
aliyeifukia talanta ya bwana wake.
Na yeye afadhali. Alichimba.

Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, nikaanza.
Huku juu Newala maji hayachimbwi;
hufuatwa bondeni kwa shingo,
ama hununuliwa, dumu mia tano, bei ya kiangazi.
Nachimba nini basi?
Nachimba nafasi.
Maji yatoke kwake, shimo litoke kwangu.

Bi Somoe hakuchelewa, akaegemea ua wa mabua:
"Shimo la Mungu lipo pale ukingoni,
wageni wanakuja kulipiga picha.
Hili la nani?"
Nikamjibu bila kuinua kichwa:
"Lile alilimaliza mwenyewe. Hili ameniachia."

Wengine waliuliza kama kuna msiba.
Leokadia akapiga simu toka Mtwara: "Mama, mgongo wako!"
Mgongo ninao, mwanangu. Ndicho nilichokuwa nacho.

Siku ya tisa nikagonga mzizi wa mkorosho,
mnene kama paja.
Nikakaa chini palepale shimoni, nikamwambia Bwana
maneno yasiyomo katika kitabu cha sala.
Kimya.
Jioni akaja Chande, kijana wa Bi Somoe, na shoka begani.
Sikumwuliza katumwa na nani.
Tulikata mpaka kwenye adhana; akaniacha na kipande cha mwisho.

Usiku nililala na wale wafalme watatu,
majeshi yao na punda wao wenye kiu,
na nabii anayewaagiza wachimbe, wachimbe,
mbingu kavu kama ngozi ya ngoma.
Zamani niliyapenda yale maji ya asubuhi.
Safari hii niliwaza mikono ya askari,
malengelenge yao, manung'uniko yao,
na kwamba maji yalipofika yalikuta pa kulala.

Fedha ya mnada wa kwanza ikawa saruji, mifuko minane.
Kitenge cha Krismasi kikasubiri.

Mvua ilishuka usiku, katikati ya Desemba.
Mlizamu ukakohoa kutu, kisha ukakubali.
Nikatoka na tochi, khanga imelowa, nacheka peke yangu.
Maji yakafika shubiri moja, mbili,
halafu nikaona yanashuka.
Ufa. Upande wa mashariki,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Sikulia. Nilishalia miaka sita, nikaona inatosha.
Kulipokucha nikakoroga saruji iliyobaki.

Leo ni mkesha tena. Kapu limenifikia.
Ombi langu lina futi nane kwenda chini,
limefunikwa bati, watoto wasitumbukie,
na asubuhi ya leo lilinipa ndoo nne.
Nilianza kuandika "mbegu",
nikakumbuka duka la pembejeo hufunguliwa saa mbili.
Nimesema asante kwa sauti, Bi mzee wa kiti cha mbele akageuka.
Kikaratasi nimebaki nacho:
kitanifaa kufungia mchicha.